Mashine Hunywa Kwanza

Vijana wa karakana, siku mliyoniaga mlinipikia pilau, mkanipa blanketi na redio, kisha mkaniomba niwaandikie mambo ya zamani muwe mkisoma wakati wa chai. Najua mlichotaka. Mlitaka ile ya simba aliyelala chini ya lori letu njia ya Merti, na ile ya dereva aliyetia chumvi kwenye chai ya wakubwa akidhani ni sukari. Hizo nitawasimulia mkinialika tena, na pilau iwe na nyama. Hapa ninaandika juu ya mota za umeme zinazoendesha pampu za maji, na ninaandika nikiwa na hasira. Miaka yote niliyoshika bisibisi niliambiwa nitulie. Sasa niko nyumbani kwangu Wabera, na wa kunituliza hayupo, isipokuwa mke wangu, ambaye anasema hasira ya mstaafu haichemshi hata chai.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi ni Mturkana wa hapa mjini, wazazi wangu walihamia Isiolo nikiwa mtoto, na kabla ya kuajiriwa nilikuwa nikitengeneza dainamo za malori gereji. Nilijiona fundi tayari. Siku ya kwanza nilipelekwa kwenye nyumba ya pampu karibu na mto, nikamkuta Mzee Jama, mfupi, ndevu nyekundu za hina, mtoto wa askari wa Kisomali aliyemaliza vita vya wakoloni akabaki huku. Aliniambia "Salaam aleikum", nami nikamjibu "Habari, mzee", akacheka kidogo. Hakuniuliza cheti. Alinishika mkono, akaugeuza, akaubandika mgongo wa kiganja changu kwenye mwili wa mota iliyokuwa ikizunguka.

"Inasema nini?"

"Iko moto."

"Hiyo moto imetoka wapi?"

Nilimwambia mota zote hupata moto. Akasonya.

"Hiyo ni maji yako. Wewe ulitaka maji, mota imekupa jiko."

Kwanza niwaambie kwa nini mgongo wa kiganja. Mota ikiwa inavuja umeme, mkono hujikunja. Ukiishika kwa kiganja utaing'ang'ania mpaka wakuzike, ukiigusa kwa mgongo mkono utaruka nyuma. Nimewaona wawili kati yenu bado mnashika kwa kiganja. Mna wake na watoto, acheni ujinga.

Lakini somo lenyewe lilikuwa ile kauli ya jiko. Umeme unaoingia kwenye mota haufanyi kazi wote. Sehemu inazungusha pampu, na sehemu inapotea ikawa joto, kelele na mtikisiko. Mota nzuri ni ile inayopoteza kidogo. Mzee Jama alikuwa akiwinda upotevu huo kama mama anayewinda chawa kichwani mwa mtoto. Alisafisha vumbi kwenye mapezi ya kupozea mota kwa brashi ya viatu. Alitoa viota vya ndege kwenye feni. Alipima njia zote tatu za umeme, na moja ikibeba mzigo mkubwa kuliko wenzake, hakulala mpaka ajue sababu. Alinyoosha mota na pampu zitazamane sawasawa, kwa sababu shafti inayoziunganisha ikipinda hula umeme hata kama maji yanatoka. Na grisi alitia kidogo. Fundi anayejaza grisi mpaka inafurika, alisema, ni yule asiyejua la kufanya na mikono yake.

Kisha alinifundisha kusuka mota upya, na hapo ndipo hasira yangu ya kwanza ilipozaliwa. Ndani ya mota kuna nyaya za shaba zilizolala kwenye mifereji ya chuma, na chuma chenyewe si kipande kimoja, ni mabati membamba mengi yaliyobanwa pamoja, kila moja limepakwa dawa lisigusane na mwenziwe kiumeme. Nyaya zikiungua lazima zitolewe, nazo zimeshikana kama ugali uliolala sufuriani. Kuna njia ya haraka. Unaitupa mota kwenye moto wa matairi, gundi inaungua, nyaya zinavutika kama nywele za kichwa cha mbuzi kilichobabuliwa. Mafundi wengi wa mitaani walifanya hivyo, na wengine bado wanafanya. Moto huo unaunguza pia ile dawa kati ya mabati. Unasuka nyaya mpya, unapaka rangi, unawasha, mota inazunguka, mteja anafurahi. Kumbe umeme sasa unatangatanga ndani ya chuma bila kazi, na mota inakula zaidi ya ilivyokula kabla ya kuharibika. Mzee Jama aliziita mota hizo walevi.

Mlevi mmoja alikuwa kwenye kisima cha Kipsing. Walimwunguza huko nje, wakamrudisha anang'aa, na kila mwezi wenyeji wakalalamika kwamba dizeli ya jenereta inaisha mapema. Ofisini wakasema wenyeji wanaiba. Wafugaji wa upande mmoja wakasema wa upande wa pili ndio wezi, na nusura washikiane mikuki kwa ajili ya dizeli ambayo hakuna mtu aliyeigusa. Mwizi alikuwa mota. Mzee Jama alipoifungua na kuona rangi ya yale mabati, alikaa chini, akatukana kwa Kisomali kwa muda mrefu, kisha akaomba Mungu amsamehe, kisha akatukana tena.

Sasa niwapeleke Sericho, maana ndiko ninakotaka kufika tangu nianze.

Wale ambao hamjafika, ni mashariki kabisa, kwa wenye ngamia na ng'ombe. Kulikuwa na kisima cha mashine, yaani tundu refu lililochimbwa ardhini, ndani yake pampu na mota ya kuzama, nyembamba, inayokaa huko chini ya maji pamoja na pampu yake. Juu kulikuwa na jenereta ya dizeli ya kuilisha umeme. Dizeli ililetwa kwa mapipa na lori letu kutoka Isiolo mara moja kwa mwezi, likipenda. Hakukuwa na njia nyingine ya kuipata. Kwa hiyo kila joto lililopotea kwenye mota lilikuwa maji ambayo mtu fulani hatayanywa kabla lori halijarudi. Hapa mjini upotevu huwezi kuuona. Kule una sura na una pembe.

Safari yangu ya kwanza tulifika tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Tulitaka kunawa. Akatokea mzee mrefu mwenye kilemba cheupe, akasimama kati yetu na birika la kunyweshea mifugo.

"Nagaa," akatusalimu kwa Kiborana.

"Nagaa, mzee. Tunaomba maji ya kunawa."

"Ngoja. Ndama kwanza."

"Mzee, sisi ndio tumeleta dizeli!"

"Dizeli ni ya mashine. Mashine imekunywa. Wewe bado."

Huyo ndiye Mzee Guyo. Waborana wana utaratibu wa zamu za kunywesha mifugo kisimani, wanauita herega, na anayeusimamia huitwa aba herega, baba wa zamu. Yeye ndiye anayeita majina, huyu aje, huyu angoje, na neno lake halina rufaa. Guyo alikuwa mkali, mbishi, na alitema tumbaku karibu na viatu vya watu kwa makusudi. Tulinawa jioni, baada ya ndama.

Alikuwa na fimbo nyembamba iliyonyooka, amechoma alama juu yake kwa chuma cha moto. Kila asubuhi aliizamisha kwenye pipa la dizeli, akaitoa, akatazama unyevu umeishia alama gani. Alama moja ilikuwa zamu za siku moja. Zamu zake alizipanga kwa fimbo hiyo, lori mpaka lori. Nilimwuliza siku moja, kwa utani, nani hunywa kwanza pale kisimani.

"Mashine," akasema. Hakuwa akitania. "Mashine ni ngamia ya kwanza. Yeye asipokunywa, hakuna mtu anakunywa."

"Na wa mwisho?"

"Mimi."

Opereta wa jenereta ndiye aliyenieleza baadaye. Zamani, kwenye kisima kingine, baba wa zamu mmoja alipenyeza ng'ombe wake mbele, watu wakapigana na damu ikamwagika. Guyo alipopewa kazi hiyo alitangaza mbele ya wote kwamba ng'ombe wake watakuwa wa mwisho siku zote. Nilimheshimu kwa hilo. Baadaye nilimkasirikia kwa hilo hilo, na bado sijajua nimsamehe au vipi.

Mota ya pale ilikuwa ndogo, ya nguvu za farasi saba na nusu, na iliendana na kisima kama kifuniko na chungu chake. Mwishoni mwa miaka ya sabini iliungua. Tuliileta Isiolo, mimi na Mzee Jama, na ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Hatukuitia kwenye moto. Tulizikata nyaya za zamani kwa msumeno mdogo, tukazivuta moja moja kwa koleo mpaka vidole vikatoka damu, tukazisuka mpya kwa unene ule ule na idadi ile ile. Wakubwa walitujia juu kwa kuchelewa. Mzee Jama aliwaambia mtoto hatolewi kabla ya miezi yake. Tulipoirudisha, Guyo alizamisha fimbo yake jioni, akaizamisha tena kesho yake, akaitazama kwa makini. "Imepona," akasema, akatema tumbaku mbali na viatu vyangu. Nilijua amenikubali.

Miaka ya themanini ikaingia, na mheshimiwa mmoja akaamua kuwafanyia watu wa Sericho jambo kubwa. Jina lake silitaji. Likaja lori lina mota ya farasi ishirini, pampu yake, na jenereta kubwa ya buluu, maana mota kubwa huhitaji jenereta kubwa hata kuianzisha tu. Zote zilifungwa utepe. Mimi niliposikia nilikwenda kwa injinia wetu, nikamweleza: kisima kina kiasi chake, hakitoi zaidi kwa kuwa umekitishia na mota kubwa, pampu itavuta haraka kuliko tundu linavyojaa, tutalazimika kuibana, na nguvu yote ya ziada itapotea huku inakunywa dizeli.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mjinga, na msije mkafikiri ninamwandika hapa ili nimcheke.

"Fundi Ekal, unayosema ni kweli. Mimi pia nimepiga hesabu."

"Sasa?"

"Sasa imeshafika. Na mheshimiwa ameshasema kwa baraza."

Hiyo ndiyo sentensi ninayoichukia kuliko zote nilizowahi kusikia kazini. Mtu asiyejua unaweza kumfundisha. Anayejua na ameshaamua kunyamaza utamfanyia nini?

Sherehe ilifana. Mbuzi walichinjwa, watu walikuja kutoka mbali. Mheshimiwa akapanda juu ya pipa. "Mmekuwa mkinywa kwa kijiko," akasema, "sasa mtakunywa kwa sufuria!" Vigelegele. Guyo akainua fimbo yake kuomba kusema.

"Hii itakunywa ngapi?"

Mheshimiwa hakuelewa. Akatafsiriwa, akacheka. "Mzee, hii ni mashine, si ngamia!"

Umati wote ulicheka, watu wakashika mbavu. Walikuwa watu wa Guyo mwenyewe, wale aliowaita kwa zamu miaka yote. Guyo akashusha fimbo akakaa. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na spana mkononi, na sikumbuki kama nimewahi kutamani kuirusha spana kama siku ile.

Tukawasha. Maji yaliruka juu ya birika, watoto wakaogelea, picha zikapigwa, mheshimiwa akaondoka. Kabla ya alasiri pampu ilianza kukohoa, inameza hewa, kwa sababu maji ndani ya tundu yalishuka haraka kuliko yalivyojaa. Ikabidi niibane valvu mpaka karibu nusu. Kikohozi kikaisha. Lakini fikirini maana yake: chini mota inasukuma kwa nguvu zake zote, juu valvu inaizuia. Ni sawa na kupandisha lori mlima wa kwenda Meru huku mguu mmoja umekanyaga breki. Na pale kwenye birika yalitoka maji kiasi kile kile cha siku zote. Hata ndoo moja haikuongezeka. Kilichoongezeka kilikuwa kelele za jenereta, na watu walizipenda. "Sikia! Iko na nguvu!" wakiambiana. Guyo alizamisha fimbo kesho yake asubuhi. Unyevu ulikuwa umeshuka alama mbili kwa zamu za siku moja.

Niliandika ofisini. Niliandika tena. Niliomba mota ndogo irudishwe, kwani ilikuwa nzima, imetupwa kwenye uwanja wetu chini ya tangi, kuku wa mlinzi akitaga mayai kando yake. Nilisema mbele ya wakubwa kwamba siku lori litakapochelewa, Sericho kutakuwa na msiba. Bwana mmoja mnene wa utawala aliniangalia juu ya miwani akasema, "Fundi, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji." Wenzake wakacheka. Mnaiona methali hiyo imeandikwa kwenye kanga na kwenye malori, mnaipenda. Mimi siwezi kuisikia tena bila hasira kunipanda.

Ukame ukaja, ule mbaya ambao hata nyinyi wadogo mmesimuliwa. Na lori likaharibika gia, likakaa karakana likingoja kipuri kutoka Nairobi. Mota ndogo ingeifikisha ile dizeli mpaka lori lipone. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko nilivyosali. Ile kubwa haikuifikisha.

Niliyoyasikia niliyasikia kwa opereta, na mengine niliyaona. Guyo aliona fimbo inakwenda mbio kuliko zamu zake. Watu wakamwambia apunguze, kila kundi linywe nusu. Akakataa. Malisho yalikuwa mbali, na ng'ombe aliyekunywa nusu hafiki huko. Utawaua wote polepole badala ya kuwaokoa baadhi. Akaita majina kama alivyoyapanga, kila kundi likanywa likashiba likaenda. Wale wa karibu na mwisho, walipoona pipa linalia kama debe tupu, walihamisha mifugo kuelekea mtoni, wengine wakafika, wengine hawakufika. Wa mwisho kabisa hakuweza kuhama. Baba wa zamu haondoki kisimani zamu hazijaisha. Mara mbili watu walimwambia, "Guyo, leta ng'ombe zako sasa, sisi tutangoja." Mara mbili aliita jina la mtu mwingine.

Nilifika na lori la dizeli mchana. Jenereta ya buluu ilikuwa kimya, na nilijua kabla sijashuka. Ng'ombe wa Guyo wote walikuwa wamekufa, wamelala upande wa boma, wengi wao bado wameelekeza vichwa kwenye birika. Yeye alikuwa amekaa kando ya pipa tupu, fimbo magotini.

"Nagaa, Fundi."

"Nagaa, mzee."

Sikuweza kujizuia. Nilimfokea, mimi mgeni, mbele ya watu, mzee wa umri wa baba yangu. "Kwa nini hukujiweka mbele? Walikuambia! Ungewaokoa!"

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. "Na kesho," akasema, "mimi nikiita jina ya mtu, nani atasikia?"

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa, "Ile ndogo iko wapi?"

Nilimwambia iko Isiolo, uwanjani.

"Inakufa?"

"Hapana. Ni nzima."

Akatikisa kichwa, akatazama upande wa boma.

Niliporudi mjini nilikwenda moja kwa moja kwa injinia bila kunawa. Sikupiga kelele. Nilimweleza nilichokiona. Akaufungua na kuufunga mfuko wa kalamu zake. "Ukienda Sericho tena," akasema hatimaye, "mimi sitauliza umebeba nini kwenye lori." Na yule bwana mnene tulikutana mlangoni. Nikamwambia, "Mzee, ng'ombe hawakunywa." Nadhani hakukumbuka hata ninasema nini.

Kuna watu wanaotaka nimalize kwa kusema ninajuta, kwamba mota ile kubwa niliifunga kwa mikono yangu. Sijuti. Nilisema, nikaandika, nikarudia. Nina hasira, na ninataka niwaachie nyinyi hasira hiyo kama Mzee Jama alivyoniachia brashi yake. Kabla hamjafunga mota yoyote, kiulizeni kisima kinatoa nini, kisha mtafute mota inayotosha hapo, isizidi. Mkiona valvu imebanwa mwaka mzima, jueni kuna mtu ananyimwa maji mahali fulani. Mkiletewa mota iliyopita kwenye moto wa matairi, irudisheni. Na mkiambiwa imeshafika, imeshasemwa kwa baraza, semeni tena.

Tulimfukuza yule kuku, tukaipakia mota ndogo pamoja na pampu yake na jenereta ya zamani, tukaenda. Tuliitoa ile kubwa ndani ya tundu tukitumia winchi na matusi, tukashusha ndogo. Mvua chache zilikuwa zimenyesha huko juu na waliobaki na mifugo walikuwa wamerudi. Guyo alikuja na kilemba chake, akasimama pale pale anaposimama siku zote. Nikawasha. Jenereta ya zamani ikaanza kuguruma kwa sauti ndogo, mtu mmoja akasema, "Hii haina nguvu." Maji yakaja. Guyo akaweka kiganja chini ya bomba, akanywa, akangoja birika lijae, akilitazama kama anavyotazama fimbo.

"Maji ni ile ile," akasema.



Akaanza kuita majina. Kundi likaja, likanywa, likaenda. Walikuwa wachache kuliko zamani lakini utaratibu ulikuwa ule ule, ndama kwanza, na hakuna aliyeruka zamu. Jina la mwisho lilipokwisha kuitwa na mbuzi wa mwisho kuondoka, alikwenda kwenye pipa, akazamisha fimbo, akaitoa. Akaniita nione. Unyevu ulikuwa bado uko juu ya alama ya siku hiyo. Akaweka kidole hapo, kwenye kipande cha fimbo kilicholowa kati ya alama na mwisho wa unyevu.

"Hii hapa ni ya ng'ombe yangu," akasema. "Zima mashine."

Nikazima.